Damu ya Tabea

Harufu ya spiriti ikinifikia puani, huwa mtoto wa miaka saba tena, nimesimama kwenye sakafu ya saruji ya hospitali ya Mbozi, nimeshika kanga ya Bibi. Watu hudhani naogopa sindano. Laiti ingekuwa hivyo, msomaji wangu.

Dada yangu Tabea alinizidi mwaka mmoja tu. Kiangazi kile baba alimchukua kwenda Ivuna kufuata chumvi, wakapita kwenye mapori yenye mbung'o wengi, na waliporudi nyumbani Nanyala alikuwa na homa isiyokoma. Kisha akaanza kulala mchana. Alisinzia tonge la ugali likiwa bado mkononi, nasi watoto tukamcheka, tukamwita Bundi. Alipovimba tezi za shingo na kukonda hata macho yakabaki makubwa kuliko uso, hatukucheka tena.

Mama alikuwa uzazini, kwa hiyo Bibi ndiye aliyefuatana na wabeba machela, na mimi nyuma yao. Mganga wa hospitali alimpapasa Tabea shingoni akasema anashuku malale. Dawa ipo, alisema, lakini ni kali, inaweza kumuua asiye na ugonjwa huo, hivyo haitolewi mpaka vijidudu vionekane kwenye damu. Akamwagiza Bibi ampeleke mtoto chumba cha vipimo, kisha akaenda kwa wagonjwa wengine.

Bibi aliitazama machela pale barazani. Akamtazama mtu aliyekuwa akitoka chumba kile, amekandamiza pamba mkononi.

"Huyu hana damu ya kumwaga," alininong'oneza kwa Kinyiha. "Ninyi ni tumbo moja, baba mmoja, damu yenu ni moja. Wewe unayo tele. Njoo."

Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu. Mgonjwa asipoweza kutembea, ndugu yake wa tumbo moja ndiye aliyekwenda kupigiwa ramli, na majibu yakawa ya mgonjwa. Nami nilijivuna kuchaguliwa.

Mpimaji alikuwa kijana mnene mwenye kaptula ya kaki. "Bibi, hii ni damu ya Tabea?" aliuliza, sindano mkononi.

"Ee, mwanangu, ndiyo yake."

Bibi hakuona kwamba amesema uongo, wala mimi sikuona.

Mpimaji alinitoa damu, akaitia kwenye kichupa chembamba, akakifunga kwenye mashine iliyobanwa pembeni mwa meza, akaanza kuzungusha mpini. Mashine ilivuma mpaka dirisha likatetemeka. Ilipotulia, damu ilikuwa imegawanyika: chini wekundu mzito, juu maji ya rangi ya samli, na katikati utando mwembamba mweupe. "Vijidudu hupenda kukaa hapa kwenye utando," alisema. Akauchota, akaupaka kwenye kioo, akaumwagia rangi ya buluu, akausuuza na kuuacha ukauke. Kisha akainamia darubini kwa muda mrefu sana, Bibi akisali kimoyomoyo.

"Njoo uone," aliniambia hatimaye, akanipandisha juu ya sanduku. Niliona vijiduara vya waridi vilivyojaa tele, na hapa na pale chembe kubwa yenye doa la zambarau katikati. "Doa hilo ni kiini chake," alisema. Nilitafuta wadudu sikuwaona. Naye alikuwa hajawaona. "Damu safi kabisa, Bibi."

Bibi alipiga vigelegele mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha. Tulirudi na vidonge vya kwinini, na baba akachinja jogoo. Tabea alilala huku sisi tukimla jogoo huyo.

Hakuumaliza msimu wa mvua. Siku za mwisho hakunijua, na mimi nilimwogopa, ndugu yangu niliyelala naye mkeka mmoja. Watu walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini Bibi hakuficha kitu. Hospitali ilitazama damu, ikaiona safi. Basi kilichobaki ni mkono wa mtu. Ndivyo tulivyomzika.

Miaka mingi baadaye nilisomea uuguzi. Siku mwalimu alipotuwekea kwenye darubini damu ya mgonjwa wa malale, niliwaona: wembamba, wa zambarau, wamejipinda katikati ya zile chembe za waridi, kila mmoja na kiini chake. Ndipo nilipoelewa kwamba yule mpimaji hakukosea. Alipima barabara damu ya mtoto asiye na ugonjwa. Tabea hakupimwa kamwe.

Nilipanda basi kwenda Nanyala nikiwa na hasira, nimeazimia kumwambia Bibi. Nilimkuta amepofuka, anachambua maharage kwa vidole. Alinitambua kwa sauti, akanivuta nikae karibu naye.

"Wewe umesoma," alisema. "Hizo darubini zenu zinaona uchawi?"

"Hapana, Bibi."

"Ndiyo maana hawakuona kitu." Akatupa harage bovu. "Maana mimi niliwapa damu nzuri kuliko yote niliyokuwa nayo."