Maneno Ambayo Baba Hakusema

Admin, nifiche jina tafadhali, na wale watakaonitambua naomba wasinitaje huko chini. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwalimu wa chekechea, sijaolewa, naishi na mama yangu huku Igembe, si mbali na Kangeta. Baba tulimzika mwaka jana. Nina hasira na nimechoka, kwa hivyo nikiandika ovyo mnivumilie.

Kitambo kidogo kabla baba hajaugua, gari la mchekeshaji mmoja maarufu lilipata pancha karibu na shamba letu. Simtaji, lakini ukiwa na simu unamjua. Mimi nilimtambua hata kabla hajashuka vizuri, nikakimbia ndani kubadilisha blauzi. Baba hakumjua hata kidogo. Kwake huyo alikuwa msafiri aliyekwama, na kwetu msafiri akikwama kwako haondoki mikono mitupu. Akachuma miraa ya ile miti ya zamani, akaifunga kwa jani la mgomba vizuri kama mtu anayepeleka kwa wakwe, akampa. Yule jamaa akatoa pesa, baba akakataa. Mwenzake alikuwa akirekodi kwa simu.

Baba hakuwa mtu wa Kiswahili. Aliongea Kimeru, polepole, akisema, "Hii miti ilipandwa na babu yangu. Mgeni hatumuuzii, tunampa. Mungu akufikishe nyumbani, na watoto wako wakue." Mchekeshaji akawa anaitikia, "Sawa mzee, uko sawa kabisa," na hasikii hata neno moja. Tukapiga picha, gurudumu likabadilishwa, wakaenda. Mimi wiki hiyo nilitembea mjini Laare kifua mbele, nikimwonyesha picha kila mtu.

Halafu video ikatoka. Chini ya maneno ya baba walikuwa wameandika yao, kana kwamba ni tafsiri. Ati, "Nimetafuna tangu Jumatatu, sijui leo ni siku gani." Ati, "Bibi yangu alitoroka, ndio nagundua saa hii." Nchi nzima ilicheka. Huku kwetu kila mtu anasikia Kimeru na alijua mzee hakusema hayo, lakini walicheka tu, hata walimu wenzangu.

Baba hakuwa na habari. Siku moja alienda sokoni Kangeta, na mtu wa boda akamuuliza, "Mzee, bibi alirudi?" Mama alikuwa ametoka kliniki mjini Maua, kwa hivyo baba akajibu kwa heshima, "Alirudi jana, asante." Watu walianguka kwa kicheko. Akaja nyumbani akaniuliza ni kwa nini watu wanamuulizia mama yangu. Mimi nimepewa jina la mamake, kwa hivyo aliniita mama siku zote. Nilimwonyesha video, nikamsomea. Akaomba niirudie.

"Mama, mimi sikusema hivyo."

"Najua, baba."

"Wewe unajua," akasema. Kisha akaniambia, "Mama yako asisikie hii maneno. Hata mimi nikienda."

Kutoka siku hiyo hakukanyaga sokoni tena. Miraa ilipelekwa na jirani. Kanisani, yeye aliyekuwa mzee wa kanisa, alianza kukaa nyuma karibu na mlango. Sisemi video ilimuua. Daktari alisema ni mapafu. Nasema alikufa akijificha kutoka kwa watu aliowajua maisha yake yote, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa sikieni jambo linaloninyima usingizi. Mama hajui kusoma. Baada ya mazishi alisikia kuna video ya baba, akaniambia, "Niwekee baba yako." Yale maandishi hayamwambii kitu. Anachosikia ni sauti ya mzee wake akimbariki mgeni. Kila jioni tukimaliza kula lazima niiweke. Siku moja akaniuliza wale watu huko chini ya video wanaandika nini. Nikaangalia yale matusi na vicheko, nikamwambia, "Huyu anasema pole. Huyu anasema alikuwa mtu wa heshima." Akasema Mungu awabariki. Tangu hapo kila jioni nasoma rambirambi ambazo hakuna mtu aliandika. Mama amewasimulia wamama wa kanisa kwamba Kenya nzima inamlilia baba. Wanajua wote. Wananyamaza tu.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikamwandikia mchekeshaji kwa faragha. Nilimtukana, sitaficha. Nilidhani atanipuuza, lakini alijibu. Alisema hakujua mzee alisema nini, kwamba waliweka tu ya kuchekesha. Ataifuta, na ataweka nyingine yenye maneno ya kweli ili kila mtu ajue baba alisema nini. Lakini akaongeza, "Siwezi fanya hivyo bila kuja kwa mathe kwanza. Wacha nikuje nimwombe msamaha mwenyewe, hata bila camera."

Nilimpima mama kidogo. Nikamuuliza, je, yule mgeni wa video akipita hapa? Sijamwona akifurahi hivyo tangu mazishi. "Aje," akasema. "Nitampikia mukimo. Huyo ndiye mtu wa mwisho baba yako alibariki."

Akija na kuomba msamaha, mama atauliza ni wa nini, na atajua kwamba bibi wa ule mzaha ni yeye, na kwamba mimi nimekuwa nikimdanganya kila jioni. Nikimzuia, baba atabaki yule mlevi wa miraa ambaye hakuwa, lakini nitakuwa nimetii agizo lake kwamba mama asisikie.

Najua wengi wenu mliiona hiyo video, na pengine mlicheka. Sikuja kugombana. Lakini mlipata kicheko kutoka kwa baba yangu, basi leo nipeni ushauri. Mchekeshaji anangoja jibu langu, na mama ameshaniuliza mara mbili mgeni anakuja lini. Niwaambie nini?