Ukungu wa Saa Sita Mchana

Kwa miaka ishirini na miwili nilimjua baba mkwe wangu kwa kikohozi chake, kwa mlio wa fimbo yake na kwa sauti yake akiimba nyimbo za kanisani nyuma ya nyumba. Uso wake sikuujua. Kwetu Rungwe, katika familia zinazoshika mila, mkamwana hamtazami baba wa mumewe wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mwanamke anapisha, anajitanda khanga kichwani na kugeukia migomba mpaka mzee apite. Siku hizi familia nyingi zimeiacha mila hii, na kanisani hakuna anayeihubiri. Sisi tuliishika kwa sababu mzee aliishika, na mimi sikutaka kuwa mkamwana wa kwanza kumwaibisha.

Mimi ni muuguzi. Wakwe wa watu wengine nimewadunga sindano, nimewasafisha vidonda, nimewageuza kitandani. Nikirudi nyumbani Kisiba nazunguka kwa nyuma nisikutane na wangu. Wenzangu kazini walinicheka kwa jambo hilo, nami nilicheka nao, kisha jioni nikazunguka vilevile.

Mama mkwe alipofariki, chakula cha mzee kikawa juu yangu. Nyumba yake iko juu kidogo, yetu iko chini, katikati ni migomba. Watoto ndio waliokuwa wakipeleka sahani. Binti wa mwisho alipokwenda shule ya bweni Mbeya, nikaanza kupeleka mwenyewe. Nilikuwa naweka sahani kwenye benchi la barazani kwake, nakohoa mara mbili, naondoka, naye anatoka kula. Baada ya muda sahani zikaanza kurudi na nyama imebaki pembeni, au kipande cha samaki hakijaguswa, ilhali ndizi zimeisha zote. Nilidhani nimeelewa: mapishi yangu hayampendezi, na kwa kuwa hawezi kuniambia, anabakiza. Niliumia sana. Kwa hasira nikaanza kumpunguzia nyama.

Kisha akaanza kulalamikia ukungu. Kila asubuhi mume wangu alipokwenda kumsalimia, mzee alimwambia kwamba mwaka huu ukungu hautoki. Nani Rungwe angebishana na mtu kuhusu ukungu? Kuna asubuhi unakamua ng'ombe na mkia wake huuoni. Akaacha kwenda kanisani peke yake. Akaacha kwenda Masukulu kwa rafiki yake aliyebatizwa naye. Siku moja aliteleza akaanguka kwenye mtaro, na tukasema ni matope. Kikohozi nacho kilikuwa kibaya miezi ile ya baridi, na mimi afya yake nilikuwa naipima kwa kikohozi tu, kwa kuwa ndicho nilichokisikia.

Mume wangu akakata shauri kwamba baba ameshindwa na baridi, apelekwe kwenye jua, na sisi twende naye. Nikaomba uhamisho. Nikajibiwa kwamba nafasi ni mbili, nichague ndani ya mwezi: zahanati ya Matema, kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, au wodi ya wazazi Mbeya mjini.

Niseme ukweli, mimi nilitaka Mbeya. Nilikuwa nimezalisha wanawake kwa miaka mingi kwa taa ya simu na maji ya ndoo, na pale kulikuwa na wodi kubwa, madaktari wa kuwauliza, na kozi ambayo nilikuwa naiota tangu ujana. Binti yetu alikuwa kule. Mji unajengwa kila upande, hata barabara kuu inapanuliwa njia nne. Tulikwenda kuona nyumba ya kupanga, upande wa Uyole. Vyumba vitatu, korido moja, choo kimoja mwishoni.

"Choo kimoja," mume wangu alisema tuliporudi, akiwa ameegemea mlango wa jikoni. "Baba akiwa anatoka na wewe unaingia, mtafanyaje?"

"Tutakohoa."

"Usifanye mzaha, mama watoto. Matema kuna nyumba ya mtumishi, na chumba cha nje chenye mlango wake. Kuna jua. Mbeya nako ni baridi tu, na vumbi juu yake."

"Kwa hiyo kazi yangu inachaguliwa na choo?"

Nilikasirika kwa siku kadhaa, na hasira yangu haikuwa kwa mume wangu peke yake. Miaka ishirini na miwili nimempisha mzee njiani, na sasa nimpishe na kwenye kazi. Nilimuuliza mume wangu kama baba mwenyewe ameulizwa anataka wapi. Akasema amemweleza, na mzee amejibu kwamba tutakakokwenda ataenda. Basi nikakubali tukaione Matema, kwa shingo upande.

Tulikodi Noah siku ya Jumamosi. Mimi nilikaa mbele na dereva, nimejitanda khanga, mume wangu kiti cha katikati, mzee kiti cha nyuma kabisa. Barabara ya Ipinda inashuka tu. Tulianza safari na masweta, migomba ikapungua, tukaingia kwenye kakao na mashamba ya mpunga, na kila baada ya vijiji viwili mtu alivua nguo moja. Tulipofika Matema dereva alikuwa amebaki na fulana.

Nilikuwa nimejiandaa kupachukia. Mama mmoja wa zahanati alitupokea, akatuonyesha nyumba, jiko la nje, na kile chumba chenye mlango wake kinachotazama ziwa. Alisema wagonjwa ni wa kiasi, siku nyingine wahudumu wanakaa tu kivulini wakichambua usipa, dagaa wa ziwani. Mimi niliyekuwa naitaka wodi kubwa nilijikuta nasikiliza maneno hayo kwa hamu. Nilivua viatu nikaingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Maji yalikuwa ya moto kidogo, mchanga unasogea chini ya nyayo. Mgongo wangu, ambao huniuma tangu nilipofika miaka arobaini, ulinyamaza. Nikamfuata mume wangu nikamwambia, "Hapa." Alifurahi mpaka akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake.

Mzee tulikuwa tumemwekea kiti mchangani, akitazama ziwani. Mume wangu akaenda kukaa karibu naye. Mimi nilikaa hatua kumi nyuma yao, nimewapa mgongo, nakausha miguu na kupanga moyoni kitanda kitakaa wapi.

"Pazuri," nilimsikia mzee akisema. "Joto lake zuri. Ila na huku ukungu upo fijo, mwingi kweli."

Mume wangu akacheka. "Baba, ukungu gani tena?"

"Huu hapa mbele yetu. Nilidhani mmenileta nikauepuke."

Ilikuwa saa sita mchana. Jua lilikuwa utosini. Milima ya Livingstone ng'ambo ya ghuba ilionekana wazi hata mikunjo yake ningeweza kuihesabu. Hapakuwa na ukungu wala wingu.

Nilisimama. Nyama iliyobaki pembeni mwa sahani, mtaro, kanisa, Masukulu, vyote vilinijia kwa mara moja. Niligeuka nikaanza kutembea kuelekea kwenye kile kiti. Mume wangu aliponiona aliinua mkono kunizuia, kisha akaushusha. Nikapiga magoti mchangani mbele ya baba mkwe wangu.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Ni mimi, tata. Mkamwana wako."

Aligeuza uso haraka upande wa pili, kama mila inavyotaka.

"Kuna nini?"

"Naomba nikutazame macho. Ni kazi yangu."

Alivua kofia, akaiweka gotini, akarudisha uso polepole.

"Tazama," alisema.

Mboni zake zote mbili zilikuwa nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa amekomaa siku nyingi. Ni ugonjwa ambao mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza angeutambua akiwa mlangoni. Wazee wa Kisiba nimewaandikia rufaa za macho sijui wangapi, na huyu aliyekula chakula cha mikono yangu kila siku nilimwekea sahani nikaondoka.

"Tangu lini, tata?"

"Kabla mama yao hajafa. Nilidhani ni uzee, na ukungu wenyewe siku hizi umezidi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," alijibu bila hasira. "Nilisema kila siku."

Mume wangu aliinuka akaenda kusimama majini na viatu vyake. Nilijua analia, nikamwacha.

Hesabu ilibadilika hapohapo. Upasuaji wa macho uko Mbeya. Jicho moja lipasuliwe, lingojewe lipone, kisha la pili, na katikati ni dawa za matone, kliniki za kurudi, na barabara ile wakati wa masika. Mzee asiyeona hawezi kujifunza mahali papya kisha ahamishwe tena. Nilijua jibu, na kwa mara ya kwanza sikulitaka. Nilimwomba yule mama wa zahanati msamaha. Baada ya wiki chache nilisikia nafasi imepata mwenyewe, kijana kutoka Kyela, na nikamwonea wivu waziwazi.

Mume wangu alipomweleza baba yake juu ya ile nyumba ya Uyole, alianza kujiumauma. Mzee akamkatiza.

"Choo ni kimoja, umeshaniambia. Nitakohoa."

Na kweli alikohoa. Tulihamia mwezi uliofuata. Malori yanapita barabara kuu tangu alfajiri, maji yanatoka siku yanapotaka, na vumbi la ujenzi linaingia hata kwenye chumvi. Kazi ni nzuri, ingawa kozi sijaianza. Mzee aliijua korido kwa viganja vya mikono. Akikohoa mimi naingia chumbani, nikikohoa mimi anangoja, na kwa wiki mbili tuliishi hivyo tukiwa wapole sana, kila mmoja akimwonea mwenzake haya kwa yale ya Matema.

Alipasuliwa jicho la kulia kwanza. Kesho yake asubuhi mume wangu alikuwa shambani Kisiba, ndizi zilikuwa zinavunwa, kwa hiyo aliyekuwepo wodini ni mimi. Muuguzi wa macho alibandua bandeji, akamsafisha, akamwambia afumbue taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nilifikiria kutoka, na khanga nilikuwa nayo begani.

Mzee alitazama dirisha kwanza, kisha mikono yake mwenyewe, pande zote mbili. Halafu akanitazama mimi. Hakugeuka.

"Wewe ndiye mkamwana?"

"Ndimi, tata."

"Nilikuona kanisani siku ile ya harusi. Ulikuwa binti mdogo." Jicho lile jipya lilipita kwenye nywele zangu, likarudi usoni. "Umezeeka lini?"

Nilivuta stuli nikakaa karibu na kitanda, nikamwacha anitazame.