Ukurasa Usio na wa Kumkosea Heshima

Juma lililopita nilikuwa Kang'ata, kwenye kitalu cha kijiji cha ujamaa, nikisubiri lori la kunirudisha Korogwe. Mama mmoja alikuwa akitengeneza viriba vya miche ya mipapai kwa magazeti makuukuu. Anazungushia karatasi kwenye chupa ya soda, anakunja kitako, anachomoa chupa, anajaza udongo. Mche hupandwa na kiriba chake, karatasi ikaozea shimoni.

Nikaona kwamba anachambua kurasa kwanza. Wenye picha ya kiongozi akauweka kando, "Huyu hatumfukii." Wa tanzia kando. Wenye jina la Mungu akaukunja taratibu, akautia kapuni. Kisha akaushika ukurasa wenye safu yangu hii, akauzungushia chupa papo hapo.

"Shikamoo, mama. Huo huusomi kwanza?" nikauliza.

"Marahaba, mwanangu. Nimeusoma, kisomo cha watu wazima nilihitimu." Akakibonyeza kitako kwa kidole gumba. "Huyu bwana huzunguka weee, mwisho hafiki. Lakini ukurasa wake unatufaa sana. Hauna wa kumkosea heshima."

Nilitaka kumwambia kwamba bwana mwenyewe ndiye mimi. Badala yake nikachuchumaa, nikachota udongo, nikakijaza kiriba cha ukurasa wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Miaka yote hii nimewahimiza hapa mpande miti, na sijawahi kusikia aliyepanda hata mmoja. Sasa angalau najua makala yangu moja itaotesha papai.