Wajina wa Baba

Juzi mjukuu wangu alileta mtoto wa mbwa, akasema anaitwa Jofrei. Nyumba nzima ikacheka. Mimi nilitoka nje, damu ikinichemka.

Kijijini kwetu Iyula mbwa alipewa jina la mbwa. Wetu aliitwa Watasema, kwa ajili ya majirani wenye maneno. Jina la mtu alirithishwa mtu, na wajina wa baba yako ulimwita baba, ukampa kitu kwa mikono miwili.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, nilimpelekea baba chakula kwenye shamba la mzungu alikofanya kazi. Maganda ya kahawa yalinuka uchachu. Mara mzungu akaita kutoka barazani, "Samweli!" Baba, aliyebatizwa jina hilo, aliacha kahawa kwenye chanja akakimbia. Mbwa mpya wa mzungu naye akakimbia, akafika wa kwanza, akapapaswa kichwa.

"Si wewe, boi," mzungu akamwambia baba. "Rudi kazini."

Boi! Mbwa ndiye Samweli, na baba yangu ni boi!

Lakini siku ile, mjinga mimi, nilifurahi. Nilidhani tumeheshimiwa. Nikatoa kipande pekee cha nyama katika chakula cha baba, nikapiga magoti mbele ya yule mbwa kama nilivyofundishwa, nikamnyooshea mikono miwili.

"Karibu nyama, baba."

Mzungu alicheka mpaka akakohoa. Baba akanishika mkono.

"Inuka, mwanangu."

Hakunichapa. Angenichapa, labda leo ningekuwa nimesahau.