Nilipewa mic kanisani nikaanika mahali mtoto wa watu amefichwa

Wakuu, sasa. Naandika hii nikiwa nimeacha nguo ya mtu kwa cherehani, kwa sababu kazi haiingii. Sina sababu ya kudanganya. Mahali nilikosea nitasema nilikosea.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Ruiru. Mluhya, mama wa wawili.

Mwaka jana nilijiunga na program fulani ya mentors wa vijana waliotoka kwa nyumba za mateso. Unapewa kijana mmoja, mnakutana kila Jumamosi, basi. Hawataki masomo mengi. Wanataka ukisema utakuja, ukuje.

Kwa training tuliambiwa kitu kimoja mara kumi: hadithi ya mtoto ni yake. Nikatingisha kichwa kama wengine wote.

Nilipewa Shiro, miaka kumi na tano. Hilo si jina lake.

Baba wa kambo alikuwa anamchapa na waya huko Kiandutu, mamake amenyamaza tu. Program ikamtoa, akapelekwa Mugutha kwa shosho mzaa baba yake aliyekufa. Huyo baba wa kambo hakuwahi kujua kwa huyo shosho ni wapi. Usalama wa mtoto ulikuwa hapo tu, kwamba hajui.

Miezi mitatu ya kwanza, aki, hakuongea. Alikuwa anakaa kwa mlango wa duka langu, mguu mmoja nje. Nikawa nampa vifungo ashone.

Siku moja nikajaribu Kikuyu changu na customer. Shiro akacheka mpaka akainama. "Auntie, wacha tu, unaumiza lugha ya watu."

Woiye, nilifurahi siku hiyo! Kutoka hapo akawa anafika dukani kabla yangu.

Halafu mwenyewe akaomba kuja kanisa yetu.

Sasa, kwetu ukileta mgeni unasimama naye, unapewa mic, unamtambulisha. Ni heshima. Ukikaa kimya, watu wanaona ni kama unamwonea aibu.

Nikasimama, nimemshika mkono. Nilikuwa nimepanga kusema jina tu na kukaa. Lakini wakuu, mic ni tamu.

"Bwana asifiwe! Huyu ni binti yangu Shiro. Mungu amemtoa kwa mkono wa baba wa kambo kule Kiandutu, na sasa anakaa na shosho yake hapa Mugutha!"

Kanisa lote, amina! Makofi. Nikasikia mkono wake umetoka kwa wangu.

Na simu ya vijana wa media ilikuwa pale mbele, tuko live.

Ibada ikaisha, Shiro akaenda. Nikajiambia ni haya za wasichana. Nilikula chapati siku hiyo na roho safi kabisa.

Jumatano madam wa program, yule anatusimamia, akanipigia. Hakusalimia. "Mama, ulisema nini kanisani?"

Kumbe mtu alishare ile video mpaka ikafika Kiandutu. Huyo baba wa kambo alikuwa ameulizia watu Mugutha mpaka akafika kwa gate ya plot ya kina shosho, anaita mtoto kwa jina. Shosho akapiga nduru, majirani wakatoka wakamfukuza. Shiro alikuwa amejifungia kwa choo ya jirani, na ilichukua saa nzima kumbembeleza atoke.

Madam akaripoti polisi. Jioni hiyo hiyo Shiro na shosho wakahamishwa. Wapi, sikuambiwa.

Nilimwendea pastor. Video akaitoa mtandaoni, halafu akaniambia, "Lakini ulikuwa ushuhuda mzuri." Ngai! Nilitoka bila kuaga. Hata sijui hasira ilikuwa ya kwake ama ya kwangu.

Tangu hapo situlii. Nimeshona mkono wa koti ndani nje. Naenda kuteka maji najikuta nimesimama tu na mtungi. Nilienda Mugutha mara mbili, kwa ile plot waliyohama, nikasimama kwa gate. Kuona nani?

Madam akasikia. Akaniuliza, "Unamtafuta ndio nani apate amani, wewe ama yeye?"

Sikurudi Mugutha tena.

Mwezi uliopita Shiro alikubali tuonane mara moja, ofisini Thika, madam akiwa hapo. Nilikuwa nimejipanga. Nikamwambia nilitaka aombewe, nilikuwa najivunia yeye, sikujua tuko live. Akanisikiza mpaka mwisho.

"Auntie, si ungeniuliza tu."

Nikamuuliza, "Ungekubali?"

"Hapana."

Akasimama, akaambia madam waende. Amepata mentor mwingine, na shule anaendelea. Zaidi ya hapo sijui, na sifai kujua.

Funzo langu ndilo hilo. Kama umepewa mtoto aliyeumizwa, usimtangaze, hata kwa maombi. Muulize kwanza. Akikataa, funga mdomo, hata kama ni kwa wema. Mimi nilidhani wema unatosha.

Najua kuna mtu ataniambia hapa pia namtangaza. Hii niliuliza, kupitia madam. Jibu lilichukua wiki mbili na sikulala vizuri hata siku moja. Shiro alisema niandike, bora mambo ya sasa ya kwake yasiwe ndani, na akaweka sharti moja:

"Auntie asijitetee."

Nimesoma hii post tena na tena, nikafuta mahali pawili.

Sasa semeni, hasa nyinyi mmewahi kukaa na watoto kama hawa. Mnitukane mkitaka. Lakini tafadhali, kusiwe na mtu wa kunitetea.