Javeli ya Kikombe

Jirani anafua kwa javeli asubuhi hii, yale maji makali ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu, na kwangu harufu hiyo ni ya baba mdogo na usafi wake.

Shangazi, dada yake wa tumbo moja, alikuwa amerudi kwetu Kasongo kutoka Salamabila, akimeza dawa zake za ukimwi kila jioni mbele yetu bila kujificha. Baba mdogo akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe cha shangazi ili kisichanganywe na vyetu, akawa anakisugua kwa javeli huku amekunja pua.

“Watoto, musiguse! Ile ugonjwa iko mu mate!” alituonya, kama daktari vile.

Siku ya kuamkia Idi, bwana msafi huyo alitupanga uani atunyoe vichwa. Wembe ulikuwa mmoja. Ukamkata kaka yangu nyuma ya sikio. Baba mdogo akafuta damu kwenye suruali, akanishika kichwa, akaanza kuninyoa kwa wembe uleule.

Shangazi akasimama. “Ndugu yangu, tupa ile wembe! Kila mutoto na yake. Virusi iko mu damu, haiko mu kikombe.”

Baba mdogo akacheka, mjinga yule. “Mugonjwa ndiye atanifundisha?”

Shangazi alinivuta nikiwa nimenyolewa nusu kichwa, akaninywesha maji kwa kikombe chake, na baba mdogo akapiga kelele kama ameona nyoka.

Alipomaliza vichwa vya wengine, aliusuuza wembe kwa maji matupu, akaufunga kwenye karatasi auweke kwa Idi nyingine. Javeli ilikuwa ya kikombe.