Mlango wa Bluu wa Songo

Walivunja mikono ya dada yangu kwa kitako cha bunduki, na aliyewaelekeza nyumba ni mimi. Niliwaelekeza kwa radio, kwa sauti hii ambayo watu wa Uvira walikuwa wakiisifia.

Nilikuwa mtangazaji kwenye radio moja ndogo ya mtaa wa Kimanga. Vita vilikuwa vimekata umeme, na wenye mradi fulani wakaleta plaki za jua, zile paneli za umeme za kufunga juu ya mabati. Watu walizikataa. Walisema zinaita radi, tena zinaita mabomu. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa hofu. Wiki nzima nilieleza, nikafafanua, nikabembeleza, wapi! Kwetu maelezo hayamtoshi mtu. Anataka kujua ni nyumba gani, aende akajionee kwa macho yake. Hata komunike, yale matangazo ya msiba, ndivyo tunavyozisoma, mara tatu, na nyumba tunaitaja ilivyo: nyuma ya kanisa, karibu na kisima, bati lenye kutu.

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyoita kwetu, alikuwa mkunga katika mtaa wa Songo. Wanawake waliogopa kupita kwenye vizuizi vya askari kwenda hospitali, kwa hiyo walizalia kwake, naye aliwazalisha huku ameuma tochi kwa meno. Nilimwomba awe wa kwanza kufunga plaki. Alikubali, lakini fundi akiwa bado juu ya bati, dada alinishika shati.

"Weye, usiseme nyumba yangu ku radio. Haba batu ba bunduki nabo banasikiaka."

"Yaya, jina lako sitalitaja," nikamjibu.

Na kweli sikulitaja. Nilijiona mwerevu sana. Kesho yake nilitangaza: yule mama mzalishaji wa Songo, aveni ya kuelekea mtoni, mlango wa bluu, sasa ana mwanga, nendeni mkaone kama radi imempiga! Kisha nikacheka hewani. Kicheko kile nakichukia mpaka leo.

Watu walikwenda kuona, na kadhaa wakafunga za kwao. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, walikuja wengine, wanaume sita wenye bunduki, mmoja amening'iniza radio shingoni. Mimi nilikuwa uani kwa dada, nimekuja kujisifu.

"Mulango ya bleu njo hii," yule wa radio akasema, akaupiga teke.

Walikuwa wamemkamata fundi nyumbani kwake, wakaja naye uso umeshavimba kwa kipigo. Wakampandisha juu ya bati afungue plaki. Aliifungua taratibu, akaiteremsha bila kuikwaruza, na alipokanyaga chini wakampiga risasi ya kifua. Bisibisi ilikuwa bado mkononi mwake.

Ilibaki batri ya kutunzia umeme. Ndani, kwenye chumba kisicho na dirisha, kulikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu, na dada alikuwa ameikumbatia batri ile, akiwasihi wamwachie hadi mtoto azaliwe. Wakamwangusha, wakaitandaza mikono yake juu ya kizingiti, wakaiponda. Nilisikia mifupa. Nilikuwa kifudifudi, buti mgongoni.

Walipoondoka na batri, dada alijiburuta hadi ndani. Mwanamke yule alijifungua kwa mikono yake mwenyewe, dada akimwambia la kufanya, sauti ikikatika kwa maumivu. Mtoto alilia. Fundi alikuwa bado amelala mlangoni.

Mjini watu walizishusha plaki zao wenyewe. Radi hawakuiogopa tena, waliniogopa mimi, na walikuwa na haki. Wenye mradi walinitaka niendelee kutangaza. Nikawafukuza kwa matusi.

Mikono ya dada ilipona vibaya, vidole vimekakamaa, hata kijiko havishiki. Na wanawake hawakuacha kuja. Walikuwa wamesikia kwamba pana mwanga. Siku moja mmoja wao alivuja damu hadi akafa pale sakafuni, dada akimtazama. Jioni ile dada akaniita.

"Minye siwezi tena. Ubasemee ku radio. Vile ulisema mbele, useme vilevile."

Nikaenda. Nilisema kwamba mama mzalishaji wa Songo, aveni ya kuelekea mtoni, mlango wa bluu, hazalishi tena, msimwendee. Niliisoma mara tatu, kama komunike ya msiba.